Kufuata Kinu Makumbusho

Bibi yangu alipoambiwa kwamba Jumamosi tunakwenda Mikumi kutembelea makumbusho ya watoto, aliingia chumbani akatoka na kamba ya katani. Baba akamuuliza kamba ya nini. Bibi akasema ya kufungia kinu. Baba akacheka, maana baba huwa anadhani mama yake anatania. Mimi sikucheka. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba bibi hatanii hata kidogo, na nilijua kosa ni la nani.

Acha niseme mapema, kabla hamjaanza kunipenda.

Mwaka jana, likizo, nilikuwa kwa bibi Kisanga. Wakaja watu wawili na gari lililochorwa mtoto anacheka hadi magego. Walisema wanakusanya vitu vya asili kwa ajili ya makumbusho yatakayofunguliwa Mikumi, ambako watoto wataruhusiwa kushika kila kitu. Walizunguka uani, wakapiga picha kuku, wakapiga picha mafiga, kisha wakasimama mbele ya kinu cha bibi wakanyamaza kama wamefika kanisani. Kile kinu ni mninga mtupu. Babu alikichonga mwaka aliomwoa bibi, na mchi wake ulikuwa mrefu kunizidi mimi. Bibi hajawahi kuwa na kingine.

Bibi akanivuta pembeni. "Mke mwenzangu, makumbusho ndiyo nini?"

Ananiita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu. Kwa hesabu hiyo sisi wote wawili ni wake wa babu, ingawa babu ameshafariki na mimi niko kidato cha tatu.

Jibu sahihi nilikuwa nalo. Nimefundishwa darasani, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata vema. Lakini zamu ya kutwanga kisamvu siku ile ilikuwa yangu. Sinia la majani lilikuwa pale linanitazama, na akilini mwangu nikaona kinu kikipanda gari na kazi ikipanda pamoja nacho. Nikamwambia, "Ni kama arobaini, bibi. Watu wanakusanyika, wanakumbuka, wakimaliza wanarudisha vyombo."

Bibi akaelewa vizuri kabisa. Kwetu hakuna shughuli inayofanyika kwa vyombo vya nyumba moja. Masufuria hutembea kijiji kizima, mikeka hutembea, viti hutembea, na cha muhimu ni kuweka alama ili chako kikurudie. Basi akanituma rangi nyekundu ya kucha ya shangazi, kinu tukakigeuza, nikachora msalaba na nukta mbili chini ya kitako. Bibi akaweka dole gumba kwenye karatasi ya wale watu, akawaambia wasikiloweke, akawapa pole ya msiba. Wale watu wakatazamana, wakasema asante.

Toka siku hiyo bibi akawa anatwanga kwa jirani. Mwezi wa kwanza jirani alikuwa anamkaribisha. Baadaye akawa anasema "kinatumika" wakati kuku amelala ndani yake. Bibi, ambaye zamani ndiye aliyekuwa anaazimwa, akawa anasimama kwenye ua wa mtu na ungo wake kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni. Na kila nikienda likizo ananiuliza, "Hivi arobaini ya watu wa Mikumi ni siku ngapi?" Nami namjibu, "Ni watu wakubwa, bibi. Wana ratiba."

Hapo ndipo tulipokuwa wakati bibi amekuja kwetu Kilosa mjini kuangaliwa macho, na baba akatangaza safari.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Watu wengine wakienda matembezi hubeba maji. Baba hubeba daftari. Mama alibeba maji, maandazi, dawa ya tumbo, nguo za kubadilisha za mdogo wangu wa miaka sita, na nguo za kubadilisha zile za kubadilisha. Bibi alibeba kamba. Mimi nilibeba dhambi.

Njiani tulipita kijiji cha Ulaya. Mtu wa Kilosa akipita Ulaya kwenda Mikumi ni lazima aseme kitu kuhusu viza, na baba alisema, kama anavyosema kila tukipita, na mama akacheka, kama anavyocheka kila tukipita. Bibi hakucheka. Alikuwa anapima kwa macho nafasi iliyobaki nyuma ya gari.

"Hapa kitaenea," akasema.

"Nini, mama?" baba akauliza.

"Kinu."

"Mama bwana!" Baba akagonga usukani kwa furaha.

Makumbusho yenyewe ni banda refu la bati jirani na barabara kuu, limepakwa rangi zote zilizokuwapo dukani siku hiyo. Nje kuna tembo wa saruji ambaye mkonga wake ni bembea ya kuteleza. Mlangoni kuna bango kubwa: TAFADHALI GUSA KILA KITU.

Kijana wa kupokea wageni alikuwa amevaa fulana imeandikwa NIULIZE mgongoni, kwa hiyo ili umwulize ilibidi kwanza akupe kisogo. Akatupokea kwa kupunga mikono yote miwili: "Mambo vipi, familia!" Bibi akamtazama. Akaendelea kumtazama. Yule kijana mikono ikashuka yenyewe, moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hapo sawa."

Kisha kikaja kitabu cha wageni. Baba anapenda kitabu cha wageni kuliko anavyopenda chai. Aliandika jina, cheo, mahali atokako, na kwenye sababu ya kuja akaandika mistari mitatu yenye neno "mustakabali" mara mbili. Zamu ya bibi ilipofika, kwa kuwa macho yake yalikuwa yametiwa dawa, akaniambia nimwandikie.

"Sababu ya kuja, bibi?"

"Kufuata kinu."

Nikaandika: Kufuata kinu. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana.

Ndani, sasa, ndipo nilipoelewa kwamba Mtanzania anaweza kujengewa makumbusho ya kugusa, lakini kugusa kwenyewe ni jambo la kizazi kingine. Mdogo wangu alinyoosha mkono kwenye gari moshi la mbao. Pa! Mama kampiga kofi la mkono. "Usiguse vitu vya watu!"

"Mama, wameandika gusa," nikasema.

"Kwani wamekuandikia wewe?"

Tukafika sokoni, yaani meza yenye nyanya za plastiki na mizani ya kweli. Mdogo wangu akaangalia nyanya, akamwangalia mama, akaweka mikono nyuma. Kulikuwa na familia nyingine pale, na baba yao alikuwa anawaambia wanawe, "Tazameni kwa macho! Macho hayana vidole!" Wakati huo kijana wa NIULIZE anazunguka akibembeleza, "Gusaneni, jamani, gusaneni," mpaka mama mmoja akamwambia aangalie maneno yake, hapa kuna watoto.

Baba hakuwa na shida ya kugusa kwa sababu alikuwa anasoma. Alisoma kila kibao, kwa sauti, kisha akatueleza kile kibao kilichokwisha kueleza. Kwenye chumba cha hospitali, ambako mtoto anaruhusiwa kumsikiliza mwanasesere mapigo ya moyo, mdogo wangu alisimama kwenye foleni ya watu watatu, na alipofika mbele akamwambia mwanasesere, "Kadi yako iko wapi?" Hicho ndicho kitu pekee nilichoona mtoto amejifunza kwa vitendo siku ile, na alikuja nacho kutoka nyumbani.

Bibi yeye hakuangalia soko wala hospitali. Alikuwa anapita vyumbani kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye zizi la jirani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiomba Mungu kinu kiwe kimeliwa na mchwa.

Chumba cha mwisho kimeandikwa mlangoni JIKO LA BIBI.

"Bibi yupi?" akauliza bibi nilipomsomea.

Kilikuwapo. Kimesimama katikati ya chumba juu ya jukwaa la mbao, kimepigwa vanishi kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ndani yake kulikuwa na maharage ya plastiki ya njano. Na mchi... Niseme tu ilivyokuwa. Mchi wa babu walikuwa wameukata. Ulikuwa umebaki urefu wa mkono wangu, umesuguliwa msasa, umefungwa mnyororo ukutani ili usiibwe. Msichana mdogo mwenye utepe wa nywele alikuwa anaushika kwa vidole viwili akigonga maharage: ti, ti, ti.

Bibi akasogea. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa kinu, akakizungusha taratibu. Kisha akanionyesha kibao. "Wameandika nini?"

Nikasoma. "Kinu. Kilitumika zamani kutwanga nafaka."

"Soma tena."

"Kinu. Kilitumika zamani."

"Zamani lini?" Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nimekitumia mpaka asubuhi waliyokichukua. Hata makapi hayakuwa yamekauka. Zamani lini?"

Mimi ni mtu wa mizaha. Shuleni nimeshapewa adhabu kwa kucheka kwenye gwaride, na nina jibu la kila kitu. Lakini niliona kwamba kwenye kile kibao bibi yangu, ambaye asubuhi alikuwa amekunywa chai vikombe viwili na kulalamika sukari, alikuwa ameshawekwa kwenye wakati uliopita.

Kijana wa NIULIZE akafika mbio, amefurahi kuona hatimaye mtu anagusa. Bibi akamgeukia kwa upole wote.

"Mwanangu, shughuli yenu imekwisha lini?"

"Shughuli gani, bibi?"

"Hii ya makumbusho."

"Haiishi, bibi! Tuko wazi kila siku mpaka jioni."

"Marehemu ni nani?"

Kijana akatazama huku na huku. "Hakuna marehemu."

"Hakuna marehemu," bibi akarudia, "na mmekaa na vyombo vya watu mwaka mzima." Akaanza kukunjua kamba.

Hapo baba akaacha kusoma kibao. "Mama, mama, subiri. Hii siyo arobaini. Ni taasisi."

"Mimi niliambiwa arobaini."

"Na nani?"

Bibi alikuwa ameshainama anakumbatia kinu akivuta, na kinu hakikusogea hata kidogo. Kumbe walikuwa wamekifunga na jukwaa kwa bolti, kwa usalama wa watoto. Yule msichana mwenye utepe akaanza kulia, mama yake akaja, watu wa sokoni wakaja, watu wa hospitalini wakaja na mwanasesere. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi chumba cha makumbusho kilijaa.

Akaletwa msimamizi, mama mmoja mnene wa miwani, mpole, mwenye faili. Alimwamkia bibi vizuri kwa kupiga goti kidogo, akafungua faili, akatoa ile karatasi. "Bibi, hapa tuna dole gumba lako. Imeandikwa mchango wa kudumu."

Bibi akaitazama karatasi, ambayo hata bila ile dawa ya macho asingeisoma. Kisha akanitazama mimi. Hakuninyooshea kidole. Alinipa tu nafasi, kama unavyompa mtu njia apite.

Ningeweza kukausha. Nina kipaji hicho. Lakini lile neno "zamani" lilikuwa bado limeandikwa pale kwenye kibao.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimwambia bibi ni kama arobaini na mtarudisha. Nilikuwa sitaki kutwanga."

Baba akatabasamu. Nyinyi hamjui tabasamu hilo. Ni la mwalimu ambaye mkaguzi yumo darasani mwake. Mama akashika kiuno. Kijana wa NIULIZE akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, akiwaambia watu wote waliojaa mle, "amegawa mali ya mume wetu kwa sababu ya sinia moja la kisamvu."

Mama wa miwani akanitazama mimi, akamtazama bibi, akajaribu kuelewa ni ndoa ya aina gani hii. Kisha akasema kwa sauti ya ofisini kwamba anasikitika, lakini kinu ni sehemu ya mkusanyiko, na utaratibu ni kuandika barua kwa kamati, kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Baba, msaliti, akafungua daftari kuandika anuani.

"Mama, samahani," nikamwambia yule wa miwani. "Dole gumba ni la bibi, lakini alichokubali siyo hicho kilichoandikwa. Hakuna aliyemsomea. Mimi nilimdanganya na wale watu wenu hawakuuliza kwa nini anawapa pole ya msiba. Halafu kibao hicho si kweli. Mmesema kilitumika zamani. Mwenyewe huyu hapa. Tangu mkichukue anatwanga kwa jirani, na jirani kashamchoka."

Ile ya jirani sikutakiwa kuisema mbele za watu. Nilimwona bibi akivuta khanga begani na kutazama chini. Lakini ndiyo iliyomfikia yule mama. Akavua miwani, akaifuta, akauliza polepole, "Kweli, bibi?"

"Mwanangu," bibi akasema, "mimi sijagomba na mtu. Nyinyi kumbukeni mnachokumbuka. Mimi nina mihogo imejaa shambani na sina pa kutwangia majani yake."

Yule mama akasema kule stoo wana kinu kingine, kipya, walikinunua wakakiweka pembeni kwa sababu hakionekani cha kale. Bibi akaomba akione. Kikaletwa. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Huu mti laini. Ukitwangia mwezi mmoja unakula mbao." Akafikiri. "Kwa maharage ya plastiki kinafaa sana."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kijana akaenda kutafuta spana, na kila mtoto mle ndani aligombea kushika spana ile, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekumbuka kusema usiguse. Wakashika spana, wakashika bolti, wakashika vanishi, wakamshika na bibi. Mdogo wangu alilala chini ya jukwaa akatoa ripoti: "Inazunguka! Bado! Inazunguka!" Mama yangu mwenyewe alishika mnyororo.

Kinu kilipolazwa ubavu, msalaba na nukta zangu mbili vilikuwapo. Na katikati ya msalaba kulikuwa na tundu. Bolti ilikuwa imepita kitako chote mpaka ndani.

Bibi akapiga magoti, akaingiza kidole chake cha shahada kwenye tundu kutoka chini, akakitazama kikitokea upande wa pili katikati ya maharage ya njano. Kijana wa NIULIZE akasema "pole, bibi" mara nne. Bibi akatoa kidole.

"Fungeni," akasema. "Na hicho kijiti chenu nipeni."

Kijiti ni mchi wa babu.

Kinu kilikaa kiti cha nyuma katikati yangu na bibi, kimefungwa kamba, na njia nzima baba hakutoa neno, hata tulipopita Ulaya. Niliomba msamaha karibu na Kisanga. Bibi akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na Kisagara chetu alichoongeza hapo sikitafsiri, kwa heshima ya wasomaji.

Fundi seremala wa kijijini alichonga kigingi cha mninga akakipiga kwenye lile tundu. Bibi akajaza kinu maji, akakaa juu ya kigoda akikitazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hakikuvuja. Akamwaga maji bila kumwita mtu aone. Mchi mpya fundi alisema atautengeneza akipata mti ulionyooka, na miti iliyonyooka, kwa jinsi ninavyomjua fundi yule, bado haijaota.

Kwa hiyo likizo hii natwangia kile kijiti kilichokatwa. Ni cha saizi ya mtoto wa chekechea, na mimi siyo mtoto wa chekechea, kwa hiyo natwanga nimejikunja kama mtu anayetafuta hereni mchangani. Jana nilitwanga sinia zima, mgongo ukaniishia, nikamletea bibi kisamvu kwenye bakuli. Akachukua kidogo, akakisugua kati ya vidole viwili, akakisogeza karibu na macho yake, ambayo sasa yanaona vizuri mno.

"Bado kina nyuzi," akasema, akanirudishia bakuli.